Ndugu wa tumbo moja wasipandane: majibu kwa wasomaji wa Kusini

Shikamoo daktari. Nimeletewa paka wawili wa Kiajemi kutoka Dar, dume na jike, wa tumbo moja. Naweza kuwazalisha? (Mikindani)

Marahaba. Usiwazalishe. Karibu kila jeni, yaani chembe ya urithi, paka anayo kwa nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Nyingi zikiwa mbovu nakala moja, nzima huifunika. Ndugu wakipandana, mbovu hukutana na mbovu, na watoto huzaliwa dhaifu.

Waajemi wana jingine la kuogofya: malengelenge ya maji ndani ya figo. Hapo nakala moja mbovu yatosha kumuuguza. Huanza mdogo, huonekana ukubwani: bakuli la maji linaisha upesi, mkojo mwingi, mwili unakonda. Kabla ya kumpandisha yeyote, figo zipigwe picha ya ultrasaundi. Kipo pia kipimo cha jeni cha kupangusa shavu kwa ndani. Dume na ahasiwe, kisha jike umtafutie mume wa ukoo mwingine.

Kwa nini paka adimu ndio wanaougua sana? (Lindi mjini)

Si wote, ila wengi wametokana na mababu wachache mno. Paka wa Kiburma wa Marekani walianzia kwa jike mmoja, Wong Mau, aliyefikishwa San Francisco mwaka 1930. Watoto wake wengine walipandishwa kwa mama yao. Hadi leo jeni zao hazitofautiani sana. Wafugaji wa Sokoke, paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke pale pwani ya Kenya, walifanya la maana: walirudi Kenya kuongeza damu mpya. Nawapongeza kwa dhati.

Paka wa masikio yaliyokunjwa anauzwa mtandaoni. Ninunue? (Mtwara)

Hapana, nakusihi. Jeni inayokunja sikio huharibu pia gegedu, ule mfupa laini wa viungo. Mkia hukakamaa, miguu huuma maisha yote.

Paka wa ghala letu la korosho ni wa mtaani tu. Ni duni? (Masasi)

Duni kwa lipi? Jike akiwa kwenye joto hupandwa na madume kadhaa, na watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Hiyo ni sababu moja ya kuona mmoja mweusi, mwingine ana mistari. Huo mchanganyiko ni afya ambayo wafugaji wa paka adimu wanaihangaikia. Ila haumkingi na kichaa cha mbwa: mpeleke akachanjwe.