Kabla hujapanda basi la Dar, jifunze kuandika jina lako

Kila ikifika Mei na Juni napata wageni hapa nyumbani, Mtanda, Lindi mjini. Kijana kashika bahasha ya kaki, nyuma yake mama au mjomba, na maneno huwa yale yale: "Kaka, tumeambiwa ulisoma Ujerumani. Huyu naye kapata chuo Berlin, tumekuja utuelekeze." Nawakaribisha barazani, chai inaletwa, halafu naomba ile bahasha. Sianzi na barua ya chuo. Naanza na majina.

Maana sisi watu wa Lindi na Mtwara tuna ugonjwa wetu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamed. NIDA wameandika Muhamedi, na pasipoti ikafuata NIDA. Hapa mjini hilo halimsumbui mtu, kwa sababu wewe ni mtoto wa Bi Fulani wa kule karibu na msikiti, yameisha. Anayepitia maombi ya viza hamjui Bi Fulani. Yeye anaona watu watatu tofauti wanaotumia picha moja. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei ya makoti, panga vyeti vyako vyote mkekani, linganisha herufi kwa herufi. Kama vinapishana, anza kusahihisha RITA mapema, na pale pasiposahihishika nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina. Vijana wengi hulifanya hili wiki ya mwisho, huku tiketi ya ndege ishakatwa.

Nimelitanguliza kwa sababu ndilo lililonitesa zaidi, na si kwenye vyeti tu. Lindi unajulikana kabla hujafungua mdomo. Berlin ina watu zaidi ya milioni tatu na nusu, na katika hao wote hayupo wa kusema "huyu namjua kwao". Kule unakuwepo pale tu jina lako linapokuwa limeandikwa sawasawa mahali panapotakiwa.

Tuzungumze hela kwanza, maana najua mjomba ndiyo aliyoijia. Ukienda kwa ufadhili, tuseme wa DAAD, shirika la Kijerumani linalofadhili wanafunzi, barua ya ufadhili inatosha. Ukienda kwa hela ya nyumbani, kwa kawaida utatakiwa kuwa na akaunti maalumu, wenyewe wanaiita Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiwango chake ni euro 11,904 kwa mwaka, ambazo kwa shilingi zinavuka milioni 30. Nikiitaja hesabu hii barazani, chai huwa inapoa. Lakini elewa: hiyo si ada. Vyuo vya serikali vya Berlin kwa sehemu kubwa havitozi ada, unachangia euro mia kadhaa tu kila muhula. Ile ni akiba yako mwenyewe iliyofungiwa, ukifika unarudishiwa euro 992 kila mwezi, hizo ndizo za kodi na kula.

Tatizo la watu wa korosho ni majira. Muhula wa baridi wa Ujerumani unaanza Oktoba, kwa hiyo viza unaihangaikia kuanzia Juni mpaka Agosti. Juni mpaka Agosti korosho ni maua. Minada inafunguliwa Oktoba, na mpaka fedha ziingie akaunti ya mzee kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wenzako washakaa darasani. Nimeona familia zikikopa kwa riba ya kuumiza ili kuziba miezi hiyo mitatu. Kuna njia mbili. Ya kwanza, hela ya msimu uliopita iwekwe, isiguswe, hata ije harusi ya nani. Ya pili, uliza kama kozi yako inapokea wanafunzi muhula wa kiangazi, unaoanza Aprili. Si kozi zote, ila zipo, na hapo hela ya Novemba inawahi vizuri. Mimi baba aliuza korosho za misimu miwili na kiwanja, na nilipofika tu simu za kuomba zikaanza. Waambie ndugu mapema, kwa lugha ya heshima lakini bila kuzunguka: mwaka wa kwanza hutumi kitu. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, hazidi hapo, na utakuwa bado unajifunza kusema "naomba maji".

Sasa nyumba. Chumba kitakuchosha kuliko masomo. Kodi inalipwa kwa mwezi, hakuna habari ya mwenye nyumba kudai miezi sita mkononi kama kwetu, ila kuna dhamana, na kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu. Kodi yenyewe wanaigawa: "ya baridi" ni chumba kitupu, "ya moto" imejumlisha kupasha joto na gharama nyingine. Tangazo likikuvutia, angalia limetaja ipi. Na ukikuta mwenye nyumba anayesema yuko nchi nyingine, umtumie hela kwanza halafu ufunguo utakuja kwa posta, huyo ni mwizi. Hata picha ziwe nzuri vipi.

Ukishahamia, una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya wilaya. Wanaita Anmeldung, na kila kitu kinaning'inia hapo: benki, namba ya mlipakodi, kibali cha ukaazi. Unahitaji barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia kwake. Kuna wanaopangisha kwa kificho na barua hiyo hawatoi. Chumba cha namna hiyo kiache, hata kiwe bei chee. Miadi ya ofisi hizo ni adimu, lakini Berlin unaruhusiwa kwenda wilaya yoyote, si lazima unayoishi. Mimi nilipata mwisho wa mji, saa nzima kwa treni.

Nikajiandikisha, nikapewa karatasi yenye mhuri, nikajiona nimemaliza. Nikakaa nikisubiri kadi ya benki. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Mwajiri wa kazi yangu ya kwanza, ya kuosha vyombo, anadai namba ya kodi, na namba ya kodi nayo inakuja kwa barua. Nikapiga simu benki kwa Kijerumani cha kuokoteza: tumetuma, imerudi. Tumetuma ya namba ya siri, nayo imerudi.

Siku moja nashuka ngazi nikamkuta mama mtu mzima wa ghorofa ya pili anafungua sanduku lake la barua. Pale chini kuna masanduku ya bati yamepangwa ukutani, ishirini na kitu. Nilikuwa nayapita kila siku. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamtajia jina. Akayatazama masanduku, akanitazama mimi, akagonga kwa kidole sanduku la chumba nilichopanga. Palikuwa na jina la yule mwanafunzi aliyenipangisha, mwenyewe keshakwenda kwao. Jengo lina namba, lakini milango ya ndani haina. Mtu wa posta anasoma majina tu, na jina lisipokuwepo anarudisha barua alikoitoa. Serikali ilikuwa na jina langu, chuo kilikuwa nalo, ila bati lile halikuwa nalo, kwa hiyo sikuwa nikiishi pale.

Yule mama hakuniambia neno zaidi. Akapanda kwake, akarudi na kipande cha karatasi kilichokatwa kwa mkasi, kalamu na selotepu. Nikaandika jina langu la kwanza, lile mnaloniitia hapa. Akatikisa kichwa, akaonyesha ishara ya pasipoti. Nikaandika la mwisho, jina la babu, ambalo maishani mwangu hakuna aliyewahi kuniita kwalo. Tukabandika chini, tukatoka nje tukabandika na kwenye kengele. Kadi ilifika wiki iliyofuata.

Barua nyingine itakayokufikia ni ya tozo ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au huna. Wageni wengi wanadhani ni utapeli wanaitupa. Si utapeli, na deni linakua. Mkiishi wengi, mmoja analipa kwa niaba ya wote. Kwa jumla usitupe barua yoyote ambayo hujaielewa.

Saa nayo itakuumbua. Sisi tunahesabu kuanzia macheo, wao kuanzia usiku wa manane, hilo umezoea shuleni. Usilozoea ni nusu zao. Mjerumani akisema halb neun, "nusu ya tisa", hamaanishi tisa na nusu, anamaanisha nusu ya kuelekea tisa: 8:30, yetu saa mbili na nusu asubuhi. Mimi nilifika saa tatu na nusu, nimevaa shati la kupiga pasi, natabasamu. Miadi ilishafutwa, nikasubiri nyingine mwezi na ushee. Halafu chuoni kwenye ratiba utaona 10 c.t.; maana yake kipindi kinaanza 10:15. Wakiandika s.t., ni saa kumi yao kamili, na hawakungoji.

Darasani, alama zimegeuzwa. 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya kuponea, 5.0 umefeli. Fikiria divisheni zetu, utazoea. La hatari zaidi ni mitihani: kuhudhuria hakutoshi, lazima ujisajili kwa kila mtihani, na dirisha lina mwisho wake. Nilikuwa na rafiki aliyejua somo kuliko sisi sote, jina lake halikuwa kwenye orodha, akarudi nyumbani na kalamu zake. Tena kuna kunyamaza. Kwetu mwanafunzi mwenye adabu hamkatizi mwalimu. Kule kwenye semina ukinyamaza wanadhani hukusoma. Nilijiwekea utaratibu wa kuandika swali moja kabla ya kipindi na kuliuliza hata kama naona ni la kijinga. Mara mbili hivi lilikuwa la kijinga kweli. Hakuna aliyekumbuka.

Mengine kwa haraka. Bima ya afya ni lazima, bila hiyo chuo hakikusajili, na ile ya serikali yenye bei ya mwanafunzi ni ya walio chini ya miaka 30. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, nunua Jumamosi. Treni hazina geti, lakini wakaguzi wanapanda, wengine wamevaa kiraia kama abiria, na faini ni euro 60. Chupa za plastiki usitupe, nyingi zina senti 25 zako ndani. Viza yako kwa kawaida ni ya miezi michache tu. Kibali cha ukaazi kiombe kabla haijaisha. Korosho zilizobanguliwa beba, zitakupatia marafiki. Nyama na maziwa ni marufuku kuingiza.

Baridi sitakutisha nayo, koti linanunulika. Giza ndilo. Katikati ya Desemba jua linatoka baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana kama mabehewa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala saa kumi na mbili jioni na kuamka nimechoka, nikidhani nimerogwa. Huduma ya wanafunzi ya Berlin ina washauri wa mambo ya akili. Nilichelewa kwenda kwa aibu.

Siku kama hizo nilikuwa naenda Wedding kutafuta unga wa muhogo. Wedding ni jina la mtaa, hakuna harusi. Upande wake mmoja barabara zina majina ya Kiafrika: Sansibarstraße, Tangastraße. Moja ilipewa jina la Carl Peters, mkoloni. Mwaka 2024 wakaibadilisha, na kipande chake sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Vita iliyoanza kwenye vilima vya Wamatumbi, hapa hapa mkoani kwetu, 1905, imeandikwa kwenye kibao cha barabara, na watu wanaijaza kwenye fomu kama anwani yao.

Na kuna makumbusho ya viumbe, Invalidenstraße. Ingia tu, hutapotea: ukumbi wa kwanza amesimama mjusi wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa huku kwetu Lindi, urefu wa mita 13 na ziada kwenda juu. Mifupa yake na ya wenzake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na mabegani na watu wa huku kwetu mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan brancai, na hilo la pili ni la Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho kule Berlin. Msimamizi wa machimbo, Boheti bin Amrani, anatajwa vitabuni. Wapagazi waliobeba, mamia kwa mamia, wengi hawatajwi popote. Nilikaa kwenye benchi pale chini yake kama saa moja. Mtoto mmoja akaniuliza kama nimetoka mbali. Nikamjibu nimetoka alikotoka huyu. Mama yake akacheka, yeye hakucheka, akataka kujua tulikuja pamoja au vipi.

Basi mgeni wangu anapoaga, huwa naingia ndani naleta selotepu, mkasi na karatasi. Namwambia andika jina lako kwa herufi kubwa, mara mbili, moja ya sanduku na moja ya kengele, uweke kwenye pochi ya pasipoti. Wiki iliyopita kijana kaandika kwa haraka, MOHAMEDI. Nikamwambia fungua pasipoti. Akaifungua, akakaa kimya kidogo, mama yake akachungulia. Akachukua kalamu, akakata ile I ya mwisho.