Mungu Huongoza Hata Usipoota Ndoto

Swali ninaloulizwa mara nyingi na akina dada wa ushirika wetu hapa Malindi ni hili: nitajuaje kwamba hii ni sauti ya Mungu na si hamu yangu mwenyewe? Anayeuliza hivyo mara nyingi ameshafunga, ameshakesha, na sasa anangoja ndoto. Naamini Mungu husema kwa ndoto. Ila kwa mambo ya kila siku, yaani kodi, karo na kazi, nimemwona akiongoza zaidi kwa njia ambazo mtu huzipita tu.

Sisi wa mahotelini tunaujua mwezi wa Aprili. Kusi inaanza kuvuma, mvua ya masika inaingia, mto Sabaki unafurika na bahari inageuka rangi ya udongo. Wageni wanaondoka. Mwaka mmoja meneja alitukusanya kule dobi akatuambia twende likizo bila malipo hadi msimu urudi. Juma lile lile jamaa yangu akanikutanisha na wakala wa kazi za nyumbani Uarabuni. Mshahara mzuri, tiketi ya ndege juu yao, jibu lilitakiwa kufikia Ijumaa. Kwa mzazi mwenye deni la karo, ni rahisi sana kusema Bwana amefungua mlango.

Niliomba. Sikuota, wala sikusikia kitu. Nikashika Yakobo 1:5, kwamba mtu akipungukiwa na hekima na aombe kwa Mungu, awapaye wote kwa ukarimu, wala hakemei. Kisha nikaenda kwa mama mmoja mzee wa kanisa, mtu asiyepata faida yoyote nikienda wala nikibaki. Alinisikiliza huku anakuna nazi, halafu akaniuliza mambo mawili tu: watoto watalala kwa nani, na mkataba unasemaje? La kwanza nilikuwa na jibu lake. La pili nikampelekea wakala, nikamwomba nakala nikaisome nyumbani. Akasema mkataba hutiwa saini siku ya safari, tena mwenye imani haulizi maswali mengi.

Hapo nikajua, na moyo ukatulia. Sikuhitaji ishara nyingine. Sisemi kwenda Uarabuni ni kumwasi Mungu. Jirani yangu alikwenda akiwa ameusoma mkataba wake neno kwa neno, akarudi salama na amejenga. Naamini yeye aliongozwa kwenda kama mimi nilivyoongozwa kubaki.

Wengi huisoma Mithali 3:5 kana kwamba inakataza kufikiri. Inasema usizitegemee akili zako mwenyewe, haikusema uzitupe. Na aya inayofuata inaahidi kwamba atayanyosha mapito yako, ahadi ya mtu ambaye tayari anatembea. Someni Matendo 16. Paulo na wenzake wanakatazwa na Roho kuhubiri katika jimbo la Asia. Wanajaribu kwenda Bithinia, wanazuiwa tena. Ndipo wanafika Troa, na usiku Paulo anaona maono ya mtu wa Makedonia. Maono yaliwakuta njiani, baada ya milango miwili kufungwa.

Basi baada ya mlango wangu kufungwa nilifanya kilichokuwa mbele yangu. Unga ulikuwepo, jiko lilikuwepo. Nikaanza kupika mahamri na mbaazi za nazi, nauza asubuhi kando ya barabara. Siku nyingine zilibaki tukazila wenyewe usiku. Karo niliilipa kidogo kidogo, na mwalimu mkuu alinivumilia. Uvumilivu ule nao nauhesabu kuwa mkono wa Mungu.

Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu ya mahali tunapoishi. Shakahola si mbali na hapa. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na watoto wao ndani. Walitaka kumtii Mungu. Kila ninapomsikia mhubiri akisema usihoji, utamhuzunisha Roho, mwili wangu unasisimka. Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walimsikiliza Paulo, mtume mwenyewe, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, na Biblia inawasifu. Kama Paulo alichunguzwa, hakuna nabii wa leo aliye juu ya kuchunguzwa.

Kwa hiyo, dada au kaka mwenye uamuzi mwezi huu: omba, na endelea na wajibu wa leo unaoujua bila ndoto, maana huo Mungu ameshausema. Zungumza na watu wawili wasiopata faida yoyote katika jambo lako. Ukiharakishwa, omba siku zaidi. Na akija mtu na neno la Bwana kwa ajili yako, mshukuru, liandike pamoja na tarehe, kisha wape mchungaji wako na mtu mmoja wa nyumbani kwako walisome. Akikasirika kwa hilo, usimpe pesa, wala usimtilie saini.