“CIA yathibitisha”: namna ya kupima habari za asili ya korona

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Langoni, Lamu, na ndimi msimamizi wa kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Mapema mwaka 2025 mtu alituwekea picha ya habari isemayo “CIA yathibitisha: korona ilitoka maabara”. Ilipofika katikati ya mwaka, mwingine akaleta ya Shirika la Afya Duniani, WHO, kwamba ushahidi unaelekea kwa wanyama. Nilitafuta mwenyewe nikaona kweli vyombo vikubwa viliziandika habari hizo. Wazee wa baraza wananiuliza nani mwongo kati ya hao wawili, nami sina la kuwajibu. Nizipime vipi? Picha ya ile ya kwanza nimeiambatisha.

JIBU: Wa alaykum salaam, mwalimu. Kati ya hao wawili hakuna mwongo. Hilo uwafikishie wazee kwanza, maana ndipo wengi wanapokwama. Swali hili naulizwa hapa Malindi kliniki, msikitini na sokoni, na kila mara ni lile lile: nani anatudanganya? Mtu akiona taarifa mbili zinavutana, huona lazima mmoja wao amenunuliwa.

Picha uliyoniambatishia imekatwa palepale chini ya kichwa cha habari, na hicho kichwa kimeandikwa upya na mtu asiyejitaja. Kilichokatwa ndicho habari yenyewe. Januari 2025 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilisema inaona chanzo kilichotokana na shughuli za utafiti kina uwezekano zaidi kuliko chanzo cha asili. Papo hapo ikaeleza kwamba imani yake katika hitimisho hilo ni ndogo, na kwamba njia zote mbili bado zinawezekana. Kwa mashirika ya ujasusi hicho ni kipimo rasmi. Imani ikitajwa kuwa ndogo, maana yake ushahidi ni haba, una mapengo, au vyanzo vyake havitoshi kutegemewa. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, nao waliegemea maabara kwa imani ya wastani, Wizara ya Nishati ya Marekani ikaegemea huko huko kwa imani ndogo, na mashirika mengine manne pamoja na Baraza la Taifa la Ujasusi yakaegemea chanzo cha asili, nayo kwa imani ndogo. Hiyo ni serikali moja, na haikupatana yenyewe kwa yenyewe. Walilokubaliana wote ni kwamba virusi hivi havikutengenezwa viwe silaha, na hilo sijapata kuliona likisambazwa katika kundi lolote.

Sasa ile ya WHO. Jopo lao la washauri wa kisayansi, SAGO, lilitoa ripoti tarehe 27 Juni 2025. Lilisema uzito wa ushahidi uliopo unaelekea kwenye maambukizi kutoka kwa wanyama, ama moja kwa moja kutoka kwa popo au kwa kupitia mnyama mwingine. Likasema pia kwamba dhana ya maabara haikuweza kuchunguzwa wala kuondolewa, kwa kuwa China haikutoa taarifa ilizoombwa: vinasaba vya virusi vya mamia ya wagonjwa wa mwanzo, maelezo zaidi ya wanyama waliokuwa wakiuzwa katika masoko ya Wuhan, mji wa China ulikoonekana ugonjwa mara ya kwanza, na kumbukumbu za kazi na usalama katika maabara za mji huo.

Zisome zote mbili hadi mwisho, mwalimu, utaona zinakaribiana kuliko vichwa vyake. Kila moja inasema yote mawili yanawezekana, tofauti ni upande upi una uzito. Hapo ndipo mahali pa kupimia. CIA haikuweka ushahidi wake hadharani, kwa hiyo mimi na wewe hatuna cha kukagua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, ulioonyesha wagonjwa wa kwanza kujulikana wakiishi kulizunguka soko la Huanan huko Wuhan, hata wale wasiokuwa na uhusiano nalo, uko wazi. Utafiti wa mwaka 2024 katika jarida la Cell, uliokuta chembe za vinasaba vya wanyama wa porini kwenye vibanda vile vile vilivyokuwa na alama za virusi, nao uko wazi. Wanaozipinga tafiti hizi wanasema wagonjwa walitafutwa zaidi pale sokoni ndiyo maana walionekana wengi pale, na hiyo ni hoja ya kujibiwa kwa hoja. Habari inayokuonyesha ushahidi na ikakutajia mpinzani wake ina thamani kuliko inayokupa jina kubwa peke yake.

Wala usimwite mpumbavu anayeishuku maabara. Mwaka 2003 na 2004 virusi vya SARS, ugonjwa wa mapafu wa jamii ya korona, viliponyoka katika maabara za Singapore, Taiwan na Beijing, vikawaambukiza waliokuwa wakifanya kazi humo. Ajali za aina hiyo zipo. Ila kuwezekana hakutoshi kuwa ushahidi kwamba ndivyo ilivyokuwa Wuhan.

Linaloniudhi kuliko yote ni imani ya watu kwamba ukweli kuhusu asili ya ugonjwa hujulikana mapema, halafu wakubwa wakauficha. Na kwamba taarifa ikibadilika, ya kwanza ilikuwa uongo. Mambo yanakwenda kinyume kabisa. Wiki za mwanzo ndizo zenye makosa mengi, na anayezungumza kwa uhakika katika wiki hizo ndiye wa kuogopwa. Tarehe 31 Januari 2020 iliwekwa mtandaoni rasimu ya utafiti, haijapitiwa na wataalamu wengine, ikidai virusi hivi vina vipande vinavyofanana na vya HIV. Wataalamu wakaonyesha kwamba vipande hivyo ni vifupi mno na vinapatikana katika viumbe vingi. Waandishi wake wakaiondoa baada ya siku mbili. Rasimu ilikufa, lakini madai yake bado naletewa hadi leo kama habari mpya.

Wiki iliyofuata chuo kikuu kimoja cha kilimo huko Guangzhou, China, kikaitisha waandishi kutangaza kwamba virusi vya kakakuona vinafanana na vya korona kwa asilimia 99. Dunia nzima ikaandika kakakuona. Utafiti ulipotoka, ile 99 ilihusu kipande kidogo tu, na kwa vinasaba vyote mfanano ulikuwa takriban asilimia 90. Hapa nikawie kidogo, kwa sababu asilimia ndizo zinazowababaisha hata wasomi. Utaambiwa kwamba maabara ya Wuhan ilikuwa na virusi vya popo vinavyofanana na vya korona kwa asilimia 96, na utaambiwa kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi na mali mkononi. Takwimu ni ya kweli. Lakini vinasaba vya virusi hivi vina herufi karibu 30,000, na asilimia 4 iliyobaki ni zaidi ya herufi 1,000 zisizolingana, zimetawanyika kila mahali. Kwa mabadiliko ya kawaida, tofauti hiyo huchukua miongo kadhaa. Virusi vile haviwezi kuwa ndivyo vilivyogeuka korona. Mwandishi anayekutajia asilimia bila kukuambia ni asilimia ya nini hajaielewa habari yake.

Na kosa la uhakika wa mapema halikufanywa na upande mmoja. Timu ya WHO na China ilipotoa ripoti Machi 2021 iliitaja ajali ya maabara kuwa jambo lisiloelekea hata kidogo. Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dkt. Tedros, akasema siku ile ile kwamba dhana zote bado ziko mezani. Alikuwa sahihi kusema hivyo.

Kwa wazee wa Lamu, watolee mfano walioupitia wenyewe. Katikati ya mwaka 2004 kisiwa kizima kililala kwa homa na maumivu ya viungo, watu wakawa hawawezi kushika kikombe wala kuchutama. Ilikuwa chikungunya. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilikadiria kwamba robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ugonjwa ukaingia Mombasa, ukavuka hadi Komoro na Réunion, na mwaka 2006 ukawa umewaka India. Kwenye makala za kisayansi, msururu huo mara nyingi huanza na jina la Lamu. Je, Lamu ndiyo asili yake? Hata. Virusi vyenyewe vilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 na 1953 katika nyanda za Makonde, kusini mwa Tanganyika. Lamu palikuwa mahali mlipuko ulipoonekana ukapimwa. Na kwa nini ulizuka mwaka ule? Ilichukua hadi 2007 kwa watafiti kuchapisha maelezo yenye mashiko: miezi iliyotangulia ilikuwa ya ukame na joto lisilo la kawaida, watu wakahifadhi maji majumbani kwenye mapipa na mitungi bila kuyabadilisha mara kwa mara, na mbu waumao mchana wakazaliana humo. Ilibidi kulinganishwa rekodi za mvua za miaka mingi na tarehe za wagonjwa. Lau mtu angekuja na jibu lenye uhakika wiki ya kwanza, na adui wa kumtaja, angesikilizwa na kila baraza, na mapipa yangebaki na viluwiluwi vyake.

SARS yenyewe ilizuka Guangdong, kusini mwa China, mwishoni mwa 2002. Watafiti waliwaonyesha popo wa pango moja la Yunnan wakiwa na vipande vyote vya vinasaba vya virusi hivyo mwaka 2017. Hiyo ni miaka 15, na hapakuwa na aliyewazuia kama ilivyo safari hii.

Kwa hiyo habari ikikufikia, mwalimu, tafuta tarehe yake, tafuta aliyeuona ushahidi, tafuta kiwango cha uhakika wao wenyewe. Jina la mshindi wa Nobel lisikutishe. Aprili 2020 ulisambazwa ujumbe kwa jina la Profesa Tasuku Honjo wa Japani eti amesema virusi vimetengenezwa na kwamba alifanya kazi miaka minne katika maabara ya Wuhan. Mwenyewe akakanusha kupitia Chuo Kikuu cha Kyoto. Ujumbe ule uliletwa kwangu na wauguzi.

Nasema haya kwa ukali kwa sababu naona yanakoishia. Habari ya asili haiji peke yake. Mletaji akishakuaminisha kwamba ugonjwa ulitengenezwa, hatua ya pili atakuambia chanjo ni sehemu ya mpango, na ya tatu atatoa chupa. Nimeziona chupa hizo zikiuzwa kwenye makundi hayo hayo, hazina lebo wala kipimo, eti zinaua virusi vya kila namna. Hakuna dawa ya namna hiyo, na anayeiuza hajali korona ilitoka wapi. Mpox, zamani ikiitwa ndui ya nyani, ilipoingia Kenya mwaka 2024, haikupita wiki wakaanza kusema imeletwa na chanjo ya AstraZeneca kwa kuwa ndani yake mna virusi vya sokwe. Virusi vilivyotumika katika chanjo hiyo ni vya jamii inayoleta mafua ya kawaida, vimedhoofishwa visiweze kuzaliana, na havina undugu na mpox. Na mpox ilikwisha kupatikana kwa binadamu huko Kongo mwaka 1970. Mtu yeyote angeweza kulithibitisha hilo kwa dakika moja, lakini mama mmoja mbele yangu alikataa mwanawe kuchanjwa surua kwa sababu hiyo.

Wewe una kundi mkononi. Mjadala wa maabara na soko uache uendelee, hauna madhara watu wakijua kwamba haujakatwa. Lakini mtu akiifunga habari ya asili na bidhaa ya kuuza au na wito wa kukataa chanjo, ifute, kisha mpigie simu umweleze sababu. Na uwaandikie kina mama kwamba chanjo ya surua hutolewa bure katika zahanati za serikali mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Aliyechelewa kwa ajili ya maneno haya aende na kitabu cha mtoto, atahudumiwa.