Moyamoya kwa mtoto mdogo: kwa nini sisi hatukusubiri akue

Pole sana mama mwenzangu. Umeandika kwamba mwanao wa miaka minne, mwenye sikoseli, amekutwa na moyamoya, yaani ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo kusinyaa na kuziba, daktari anataka apasuliwe, na ukweni wanasema msubiri kwanza akomae. Binti yangu naye ana sikoseli na alifanyiwa upasuaji huo India akiwa mdogo kuliko wako. Nakujibu kama mzazi, mimi si daktari.

Msisubiri. Mishipa mikubwa inayopandisha damu kwenye ubongo inazidi kusinyaa, na hakuna dawa ya kuizibua. Kwa watoto wadogo ugonjwa huenda kasi zaidi, na sehemu ya ubongo ikishakufa kwa kiharusi, upasuaji hauirudishi. Kwetu ilikuwa hivi: akilia sana, mkono wa kulia unalegea, kijiko kinamponyoka, mdomo unakwenda upande. Dakika chache baadaye anacheza. Nyumbani wakasema degedege, kumbe ni kiharusi kinabisha hodi.

Kilio kinahusikaje? Mtoto akilia anahema harakaharaka, hewa ya ukaa inapungua kwenye damu, na ikipungua mishipa ya ubongo inajikaza. Mwenye moyamoya hana damu ya akiba kichwani. Hata kupuliza uji wa moto au puto kunaweza kumletea hali hiyo.

Sasa upasuaji wenyewe. Mishipa iliyoziba haiguswi. Weka kidole mbele ya sikio lako utasikia mshipa unadunda. Ni huo, wa ngozi ya kichwa, wanaoutumia. Katika upasuaji aliofanyiwa binti yangu, mshipa huo hawaukati, damu inaendelea kupita ndani yake. Wanafungua kidirisha kwenye fuvu, wanafungua tando za ubongo, wanaulaza mshipa juu ya ubongo na kuushikiza kwa nyuzi nyembamba mno, kisha mfupa unarudishwa. Mishipa midogo inachipua yenyewe kutoka hapo kuingia ubongoni. Ni kama bomba kuu la mtaa limeziba, unavuta maji kutoka kwa jirani. Ipo pia njia ya kuunga mshipa na mshipa moja kwa moja, ila kwa mtoto mdogo mishipa ni midogo mno, kazi ni ngumu. Tena watoto huotesha mishipa mipya vizuri kuliko watu wazima. Kwa hiyo hilo la kumwona bado mdogo, waambie wakwe zako kwamba kwenye upasuaji huu utoto unamsaidia.

Hatari ipo, sitakuficha. Madaktari wa hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, waliripoti mwaka 2004 watoto 143 waliopasuliwa kwa njia hii ya kulaza mshipa juu ya ubongo. 11 walipata kiharusi ndani ya siku 30. Ndiyo maana siku zinazozunguka upasuaji ndizo za kukaza macho. Binti yangu aliongezewa damu kabla, ili seli mundu zipungue mwilini. Usiku wa kuamkia upasuaji akawekewa dripu, kwa sababu kufunga bila kula wala kunywa kunakausha mwili, na mwili mkavu ni hatari kwa watoto hawa. Baada ya nusu kaputi, dawa ya maumivu alipewa kwa saa, hawakungoja alie. Mimi kazi yangu ilikuwa kumbembeleza na kumnywesha maji, na naamini ilikuwa sehemu ya matibabu.

Usitarajie mabadiliko kesho yake. Mishipa mipya inachukua miezi kuota, na katikati hapo mkono uliendelea kulegea mara mojamoja, nikaogopa kweli. Baadaye ikakoma. Aspirini anaendelea nayo, na sikoseli iko palepale, kliniki na damu kama kawaida. Homa ikimpata au tetekuwanga ikiingia mtaani, nampigia daktari mapema, kwa sababu aspirini ikikutana na maambukizi ya virusi inaweza kumdhuru mtoto. Msusi wake anajua kutokaza nywele upande wa mshipa, wala simvalishi kofia inayobana.

Kabla hujasaini karatasi ya ridhaa, muulize daktari: wamewapasua watoto wangapi wa umri wake, damu ataongezewa lini, dripu itaanza saa ngapi, na nani atasimamia maumivu usiku. Ukiona hawana majibu ya hayo, omba rufaa kwenda kwa wanaoufanya upasuaji huu mara kwa mara, wala usione aibu.