Makhan Singh hakuwekwa kizuizini kwa ajili ya Mau Mau

SWALI: Naandika tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Kenya enzi za ukoloni. Chanzo kimoja kinasema alihukumiwa miaka 11 kwa sababu ya Mau Mau, kingine kinasema alifungwa karibu miaka 16. Msimamizi wangu anataka idadi moja. Niandike ipi?

JIBU: Mwambie msimamizi wako idadi moja haipo. Miaka 11 na ushee ni ya Kenya, tangu 15 Mei 1950 hadi Oktoba 1961. Anayefika 16 amejumlisha na ya India: Makhan alikamatwa huko Mei 1940, na hata alipotolewa kizuizini 1942 alizuiwa asitoke kijijini kwao Gharjakh, Punjab, hadi mapema 1945. Andika vipindi viwili, kila kimoja na nchi yake.

Hilo ni jepesi. Linalonichosha ni hayo maneno "kwa sababu ya Mau Mau", ambayo nimeshayafuta kwenye kazi za wanafunzi mpaka mkono umezoea. Hali ya hatari, ya kupambana na Mau Mau, ilitangazwa 20 Oktoba 1952. Wakati huo Makhan alikuwa ameshatimiza miaka miwili na zaidi kizuizini, kule Lokitaung, Turkana. Kulinganisha tarehe mbili hakuhitaji shahada, ila wengi wanaona heri kunakili.

Chanzo cha mkanganyiko nakijua. Fred Kubai, aliyekamatwa pamoja naye mwaka 1950, baadaye alikuwa mmoja wa wale sita wa Kapenguria, walioshtakiwa pamoja na Kenyatta akiwamo kwa kuongoza Mau Mau. Jaji Thacker, aliyesikiliza shauri la Makhan kule Nyeri, ndiye aliyekuja kumhukumu Kenyatta. Na Kenyatta naye alipitishwa Lokitaung na Maralal. Basi watu wakaona majina yanafanana, wakamtia Makhan kwenye kesi ambayo hakuwamo.

Kilichomponza ni vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1935, katika Nairobi iliyotenganisha watu kwa rangi hadi hospitalini, yeye na wenzake walikifungua chama kilichokuwa cha Wahindi kiwe cha wafanyakazi wote. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa na kiwanda cha uchapaji, na vipeperushi vya chama vilitoka kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Mei 1949 likaundwa shirikisho la vyama vya Afrika Mashariki, Kubai rais, Makhan katibu mkuu. Serikali ikakataa kulisajili. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, akatoa hoja ya kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Haikupita hata mwezi akakamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Ukimwita mtu wa Mau Mau, haya yote unayafuta.

Na tafadhali usiandike "alihukumiwa miaka 11". Hukumu hiyo haipo. Kilichomzuia ni amri ya gavana isiyo na kikomo. Mwizi wa kuku alijua siku yake ya kutoka, Makhan hakuijua.

Siku hizi kuna video zinazomsimulia kwa muziki wa huzuni, na nukuu tamu zisizotaja gazeti wala tarehe. Usiweke hata moja kwenye tasnifu. Aliandika mwenyewe historia ya vyama vya wafanyakazi, ikatoka mwaka 1969, na karatasi zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Nenda ukazisome, vumbi halijaua mtafiti. Hata wanaompenda humharibia: wapo wanaompa uongozi wa mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, ilhali alirudi Kenya Agosti mwaka huo. Aliyeibuka kiongozi wa mgomo ule ni Chege Kibachia, ambaye Agosti ileile alikamatwa na kupelekwa Kabarnet, akazuiwa huko miaka 10. Yeye simwoni kwenye video hata moja.