Ukitoka Ufukweni, Rudi kwa Barabara Ndogo

Safari ya kwenda ufukweni watu huipanga wiki nzima, lakini siku ya kurudi huachwa ijipange yenyewe. Mizigo inasukumwa kwenye buti, gari linaingia barabara kuu, na kuanzia hapo kila aliyemo anahesabu kilomita huku ule utulivu wote ukimtoka. Kwetu nyumbani tuliachana na utaratibu huo. Siku ya kurudi tunaihesabu kuwa ya likizo kama zile nyingine, na tunapita barabara ndogo, zile zinazokatiza mashambani na vijijini.

Sharti lake ni moja, nami nalisisitiza: siku hiyo isiwe na miadi. Ukishajua kwamba saa 12 jioni unasubiriwa mahali, trekta lililo mbele yako linageuka adui, na daraja la kupita gari moja moja linakuwa mateso. Kama una siku 7 za likizo, kaa ufukweni 5, ya 6 iwe ya njiani, na ya 7 upumzike nyumbani. Najua kuikata siku ya bahari kunauma. Hata hivyo, mimi naikata kila mara, na watoto wamekwisha kuzoea kwamba safari yenyewe ina mambo yake.

Kabla ya kuondoka, anza na matairi. Waliopunguza upepo ili gari lisizame mchangani waujaze kabla ya kushika lami, maana tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana likizunguka, hupata joto na linaweza kupasuka. Pima asubuhi likiwa bado baridi. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo, kwa magari mengi, pembeni mwa mlango wa dereva, na mara nyingi utakuta viwango viwili: cha gari jepesi na cha gari lililojaa watu na mizigo. Wewe siku hiyo ni wa hicho cha pili. Vitu vizito viwe chini, vikiegemea viti vya nyuma. Halafu tazama miguuni kwa dereva pasiwe na kandambili wala chupa inayoweza kubingirika ikakwama chini ya breki.

Futa kioo cha mbele, nje na ndani pia. Upepo wa bahari huacha utando wa chumvi ambao huuoni mpaka jua likupige usoni, na hapo ndipo kioo kizima kinageuka mng'ao mtupu.

Njia ichague usiku uliotangulia, ukiwa bado na intaneti, kisha uihifadhi ramani kwenye simu, kwa kuwa huko ndani mtandao hupotea. Programu nyingi za ramani hukupa njia ya haraka zaidi zisipoambiwa vingine. Ingia kwenye mipangilio uzuie barabara kuu. Muda itakaokutajia haujahesabu mahali mtakaposimama, basi uongezee wa kutosha. Mafuta usiyaache yashuke chini ya nusu tangi.

Jambo ninalowahimiza sana wanaoanza ni hili: barabara ndogo zipite asubuhi, na ile kuu uiache kwa kipande cha mwisho. Asubuhi macho yako ni mapya na muda upo. Jioni, barabara hizo huwa hazina taa, na watembea kwa miguu, baiskeli na mifugo inayorudi nyumbani hutumia njia ile ile unayoitumia wewe.

Mkiwa humo, nendeni polepole kwelikweli. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa gari kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka takriban mara nne, na kwenye changarawe hali ni mbaya zaidi. Gari likikufuata kwa haraka, tafuta mahali salama, jiweke pembeni, lipite. Kwenye mteremko mrefu shusha gia ili injini isaidie kulizuia gari, breki zisipate joto kupita kiasi. Kisha fungua madirisha. Hewa ya chumvi hupungua kidogo kidogo, udongo hubadilika rangi, miti inakuwa mingine, na mtoto aliyekuwa amenuna kwa kuiacha bahari huanza kuuliza maswali. Sisi kila mtu ana haki ya kuomba gari lisimame mara moja, popote panapoonekana vizuri pande zote mbili, kamwe si kwenye kona, na hakuna anayeulizwa sababu. Mmoja atataka mto, mwingine atataka kutazama mbuzi tu. Vituo hivyo ndivyo tunavyovizungumzia miezi ikishapita.

Dereva naye atunzwe. Kati ya saa 8 na saa 10 mchana mwili wa binadamu hulegea wenyewe, sembuse wa mtu aliyeshinda juani na kuogelea siku kadhaa. Kupumzika kila baada ya saa 2 kunasaidia, lakini usingizi ukishakuja hauzuiwi na muziki wala upepo wa dirishani. Egesha mahali salama, kunywa kahawa, ulale dakika 15 hadi 20. Kahawa huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo utaamka ikianza kukusaidia. Vaa pia shati la mikono mirefu, kwa sababu vioo vya pembeni vya magari mengi hupitisha sehemu ya miale ya jua inayodhuru ngozi.

Mkifika, mizigo inaweza kungoja; gari lisingoje sana. Kesho yake toa mikeka uikung'ute, nyonya mchanga kwenye viti, kisha lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini ya bodi na ndani ya matao ya magurudumu, kwani huko ndiko chumvi hujificha na kutu huanzia.