Jibu: Mteja wa ISO 9001 anayehamia kwetu na nakala ya cheti pekee

Salaam ndugu. Umeuliza iwapo chombo chenu cha kutoa vyeti kinaweza kumpokea mteja mwenye cheti cha ISO 9001 (kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora) kutoka chombo kingine wakati ameleta nakala ya cheti tu. Hapana, nakala haitoshi.

Anza na hali ya cheti chenyewe: thibitisha kwa chombo kilichokitoa kwamba bado ni halali na kipo chini ya ithibati inayotambuliwa (yaani kibali rasmi cha chombo hicho kutoa vyeti), kwa sababu waraka wa IAF MD 2, yaani kanuni za kimataifa za kuhamisha vyeti, hauruhusu cheti kilichosimamishwa kuhamishwa. Kisha dai ripoti ya ukaguzi wa awali au wa uthibitishaji upya, ripoti ya ufuatiliaji ya karibuni, malalamiko yaliyopokelewa, na mapungufu ambayo hayajafungwa. Yaliyo makubwa lazima marekebisho yake yahakikiwe kabla hamjatoa cheti chenu. Kwa madogo, mpango wa mteja unaokubalika unatosha.

Muulize pia, bila kuona haya, kwa nini anahama. Katika kazi hii nimeona kwamba anayekwepa swali hili mara nyingi ana pungufu kubwa analolikimbia. Ripoti za ukaguzi zikikosekana, mchukulieni kama mteja mpya kabisa. Mashaka yakibaki, fanyeni vivyo hivyo.